UZI: Programu ya kuchezea muziki kwenye kompyuta, chagua ile utakayoweza kuiacha

Wakuu, heshima kwenu. Swali la programu gani inafaa kuchezea muziki kwenye kompyuta halikauki humu, na majibu yake huwa yale yale: mmoja anataja VLC, mwingine AIMP, wa tatu anaikumbuka Winamp kwa majonzi, na aliyeuliza anaondoka na majina matano bila sababu hata moja ya kuchagua. Naomba niandike kwa urefu kidogo, hasa kwa ajili ya mtu mwenye nyimbo zake mwenyewe ndani ya diski, yule aliyekusanya dansi, taarabu, rumba ya Kongo, kaswida au kwaya tangu enzi za CD za MP3, akazihamishia kwenye flashi, kisha kwenye diski ya nje, na leo ana folda kubwa ambayo hata yeye haimalizi. Anayesikiliza mtandaoni pekee hana haja ya kusumbuka na uzi huu, kwa kuwa atatumia programu ya huduma anayoilipia, apende asipende.

Hoja yangu ni kwamba programu za muziki hufa au hubadilisha wamiliki, ilhali mkusanyiko wako unabaki na unazidi kukua. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ina sura nzuri au ipi ina sauti nzito, uliza hivi: siku nikiamua kuhama, au nikilazimika kuhama, nitaondoka na nini?

Tuitazame Winamp, kwa sababu wengi wetu tulianza nayo. Ilitoka mwaka 1997, ikiwa imeandikwa na Justin Frankel pamoja na Dmitry Boldyrev, na miaka miwili baadaye kampuni yao ya Nullsoft ilinunuliwa na AOL. Toleo la 3 liliwaudhi watumiaji kiasi kwamba wengi walirudi kwenye toleo la 2, hata wenye programu wakaamua kuchanganya mazuri ya matoleo yote mawili na kuliita la 5. Mwishoni mwa mwaka 2013 AOL walitangaza kuifunga kabisa, ndipo Radionomy ya Ubelgiji ikainunua mwaka 2014. Yakafuata matoleo machache yaliyopishana kwa miaka, na mwaka 2024 wamiliki waliuweka msimbo wake hadharani kwa masharti yaliyozua malalamiko, kisha wakauondoa baada ya wiki chache. Bado inafanya kazi, wala simkatazi mtu kuitumia, lakini huwezi kusema unajua itakuwa mikononi mwa nani miaka mitano ijayo.

Microsoft nao wana historia ya aina hiyo. Walikuwa na programu ya Zune, ikaja Xbox Music mwaka 2012, ikabadilishwa jina kuwa Groove Music mwaka 2015, huduma yake ya kusikiliza mtandaoni ikafungwa mwisho wa mwaka 2017, na mwaka 2022 programu yenyewe ikapisha Media Player mpya ndani ya Windows 11. Apple waliitoa iTunes mwaka 2001, na mwaka 2019 wakaigawa vipande vitatu kwenye kompyuta za Mac. Katika kila hatua kati ya hizo walikuwapo watu waliopoteza orodha zao za nyimbo, nyota walizozipa nyimbo kwa miaka, au hesabu ya wimbo upi umechezwa mara ngapi. Faili za nyimbo zilibaki salama, lakini kazi waliyoifanya juu ya faili hizo ilipotea.

Kazi hiyo hukaa sehemu mbili. Ya kwanza ni ndani ya faili lenyewe, mahali ambapo jina la wimbo, la msanii, la albamu, mwaka na picha ya jalada huandikwa. Wengi tunaziita tagi. Ya pili ni ndani ya hifadhidata ya programu, ambayo programu nyingine haiwezi kuisoma. Programu nzuri kwa mtu mwenye mkusanyiko ni ile inayoandika kadiri iwezekanavyo sehemu ya kwanza. iTunes, kwa mfano, huziweka nyota za nyimbo katika maktaba yake yenyewe na si katika faili, kwa hiyo ukinakili folda ya muziki kwenda kompyuta nyingine, nyota zinabaki ulikotoka. Kati ya programu nitakazozieleza chini, MusicBee inaweza kuziandika ndani ya faili. foobar2000 nayo huzishika kwenye kumbukumbu yake, lakini kiongezeo chake cha takwimu kina amri ya kuzimwaga ndani ya tagi, nami nashauri mtumie amri hiyo mara kwa mara.

Tuzungumzie tagi kwa undani, maana hapo ndipo mkusanyiko wa muziki wetu unapoharibika. Mfumo wa kwanza wa tagi za MP3, unaoitwa ID3v1, ulitenga baiti 128 tu mwishoni mwa faili: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, na kadhalika. Majina ya bendi zetu na ya vikundi vya taarabu hayatoshi humo, ndiyo maana hadi leo unakuta wimbo ambao jina lake limekatika katikati ya neno. ID3v2, iliyokuja mwaka 1998, iliondoa kikomo hicho, lakini faili nyingi za zamani zinabeba mifumo yote miwili kwa pamoja, na programu dhaifu huenda ikasoma ile fupi. Ongeza na tabia ya baadhi ya tovuti kubandika anwani zao mahali pa jina la msanii, na utaelewa kwa nini ukifungua maktaba yako unakutana na "msanii" mmoja mwenye nyimbo mia nne ambaye kumbe ni tangazo.

Kuna na ugumu ambao hautokani na kompyuta kabisa. Bendi iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz ilipitia majina ya JUWATA na OTTU kabla ya kufahamika kama Msondo Ngoma. Kwa msikilizaji huo ni mstari mmoja wa muziki, ila programu itaona wasanii wanne wasiojuana. Franco naye utamkuta chini ya F peke yake, chini ya F akiwa na bendi, chini ya TPOK Jazz, chini ya T.P. O.K. Jazz yenye nukta, na chini ya O.K. Jazz ya mwanzoni. Dawa yake ni kuliacha jina la kipindi husika katika sehemu ya Artist, kisha katika sehemu ya Album Artist kuandika jina moja utakalolitumia siku zote. Programu inayopanga maktaba kwa kufuata Album Artist, kama MusicBee na foobar2000 zinavyofanya, itakukusanyia Msondo yote mahali pamoja bila kufuta historia ya majina. Programu isiyoijua sehemu hiyo haifai kwa muziki wa dansi, hata iwe na urembo wa namna gani.

Kusafisha tagi kwa mkono, wimbo mmoja mmoja, ni adhabu. Ipo programu ya Mp3tag, inayofanya kazi hiyo tu, nayo inaweza kuchukua majina ya faili na kuyageuza kuwa tagi kwa pamoja. Ukiwa na folda nzima yenye majina ya mtindo wa msanii, kistari, jina la wimbo, unaipa kanuni ya %artist% - %title%, unahakiki onyesho linalotokea kabla ya kukubali, na kazi ya wiki nzima inaisha kabla chai haijapoa. Picard, inayotegemea hifadhidata ya MusicBrainz, hujaribu kuutambua wimbo kwa sauti yake, lakini kwa muziki wa Afrika Mashariki itakuacha njiani mara nyingi kwa sababu albamu zetu nyingi hazijaingizwa humo. Tumieni Mp3tag kwanza.

Kuhusu orodha za nyimbo, hifadhini kwa mfumo wa M3U au M3U8. Hilo ni faili la maandishi matupu. Ukilifungua kwa Notepad utaona kila mstari ni njia ya kwenda kwenye wimbo mmoja, kwa mfano:

E:\Muziki\Dansi\Sikinde\03.mp3

Hapo ndipo penye mtego. Diski ya nje ikichomekwa kwenye kompyuta nyingine na kupewa herufi F badala ya E, orodha nzima inakufa, na mwenyewe anadhani nyimbo zimefutika. Mstari ukiandikwa Dansi\Sikinde\03.mp3, na faili la orodha likawekwa ndani ya folda ya Muziki, orodha itafanya kazi popote diski itakapokwenda, kwa sababu njia inahesabiwa kuanzia pale orodha ilipo. Unaweza kurekebisha orodha iliyokwisha kufa kwa kutumia amri ya kutafuta na kubadilisha ya Notepad. Na mkiweza kuchagua, chagueni M3U8, ambayo huhifadhi herufi za lugha zote, jambo linalowahusu sana wenye kaswida zilizoandikwa majina kwa Kiarabu.

Baada ya hayo, sasa nizitaje programu zenyewe.

Kwa Windows, mimi natumia foobar2000, na ndiyo ninayompendekezea mtu asiyeogopa kusoma maelekezo. Iliandikwa na Peter Pawlowski, ambaye aliwahi kufanya kazi Nullsoft, na ilitoka mara ya kwanza mwaka 2002. Ni ya bure, ingawa si programu huria, yaani msimbo wake hauko wazi kwa wote. Ukiifungua mara ya kwanza utadhani haijakamilika: dirisha jeupe lenye orodha na vitufe vichache. Sura hiyo imewafukuza watu wengi ambao wangeipenda. Ndani yake, hata hivyo, mna kila kitu, kuanzia kubadilisha mifumo ya faili, kusawazisha ukubwa wa sauti, kuhariri tagi za nyimbo elfu kwa pamoja, hadi kunakili CD. Wakati wa kuisakinisha itakuuliza kama unataka usakinishaji wa kawaida au wa kubebeka. Ukichagua wa kubebeka, programu pamoja na mipangilio yake yote hukaa ndani ya folda moja ambayo unaweza kuiweka kwenye diski ile ile ya muziki. Ninaposema programu ya kuweza kuiacha, nazungumzia pia programu ya kuweza kutembea nayo.

MusicBee ni kwa yule anayetaka maktaba yenye majalada, wasifu wa wasanii na mpangilio mzuri tangu siku ya kwanza bila kushughulika na viongezeo. Imeandikwa na Steven Mayall, ni ya bure, ina toleo la kubebeka, na udhaifu wake mkubwa ni kwamba ipo kwa Windows pekee. Kama mkusanyiko wako umepangwa vizuri, sioni sababu ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

AIMP ya Artem Izmaylov ndiyo mrithi halisi wa Winamp kwa wanaopenda dirisha dogo, sura za kubadilisha na ikwalaiza (ya kurekebisha besi na sauti nyembamba) iliyo karibu. Ni nyepesi na inaaminika. MediaMonkey inafaa kwa maktaba kubwa mno, lakini baadhi ya uwezo wake umefungiwa kwenye toleo la kulipia la Gold, na nawasihi msilitafute toleo hilo likiwa limevunjwa kufuli kwenye tovuti za vichochoroni, kwa maana virusi vingi huingilia mlango huo. Zote hizi pakueni kwenye tovuti za wenyewe.

VLC nimeiacha mwisho kwa makusudi. Ilizaliwa katika mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, ni programu huria tangu mwaka 2001, inacheza karibu kila kitu, na kila kompyuta inapaswa kuwa nayo. Ila VLC ni ya kufungulia faili, kazi ya kutunza maktaba si fani yake. Maktaba yake ya muziki ni hafifu, na kitelezi chake cha sauti kinaruhusu kupita asilimia 100 hadi 125, ambapo sauti huanza kupasuka na mtu akalaumu spika.

Hapo naingia kwenye suala la ubora wa sauti, ambalo nitalipitia haraka kwa sababu limejaa imani kuliko ukweli. Programu mbili zikicheza faili moja, bila ikwalaiza na bila madoido, kwa ukubwa ule ule wa sauti, hutoa sauti ambayo sikio haliwezi kuitofautisha. Anayesema AIMP ina besi kuliko foobar2000 ameacha kitu fulani kikiwa kimewashwa. Kinachobadilisha sauti ni faili, spika au hedifoni, na chumba. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inachukua takriban megabaiti moja kwa dakika, ya 320 inachukua takriban 2.4, na CD yenyewe takriban 10. FLAC huhifadhi kila kilichomo kwenye CD kwa karibu nusu ya nafasi hiyo au zaidi kidogo. Kuigeuza MP3 ya 128 kuwa FLAC hakurudishi chochote kilichokwisha kutupwa, kunajaza diski tu. Mkipewa FLAC na kuitilia shaka, ifungueni kwa programu ya Spek inayochora masafa ya sauti: mchoro unaokatwa kama kwa wembe karibu na kilohezi 16 mara nyingi ni MP3 iliyovalishwa kanzu.

Jambo moja la sauti linastahili kuwekwa kwenye vigezo vya kuchagua programu, nalo ni ReplayGain. Rekodi za dansi zilizotoka kwenye kanda za redio ni za sauti ya chini, ilhali Bongo Fleva ya leo imesukumwa hadi ukingoni. Ukizicheza kwa kuchanganya, mkono hautoki kwenye kitufe cha sauti. ReplayGain hupima kila wimbo na kuandika namba ndani ya tagi, kisha programu hupunguza au kuongeza sauti wakati wa kucheza, bila kugusa sauti iliyomo ndani ya faili. foobar2000 hupima folda nzima kwa amri moja, na MusicBee ina uwezo kama huo. Kwa kuwa namba imo ndani ya tagi, programu nyingine inayoielewa itaitumia siku utakapohama.

NYONGEZA: nimeulizwa maswali kadhaa, nayajibu hapa hapa.

Mkuu uliyeuliza kuhusu sahani za santuri ulizozinakili, ambapo wimbo umegawanywa upande wa kwanza na wa pili: hilo linawapata wenye rumba na dansi wengi, kwa sababu santuri ndogo haikuweza kubeba wimbo mzima, hivyo upande wa pili ndio mara nyingi uliobeba sebene. Ukiwasha uchanganyaji wa kawaida, sebene inaweza kukufikia kabla ya wimbo wenyewe. Zipe pande zote mbili jina moja la albamu, weka namba 1 na 2 katika sehemu ya namba ya wimbo, kisha kwenye foobar2000 chagua mpangilio wa Shuffle (albums), ambao huchanganya albamu huku ukiacha mfuatano wa ndani kama ulivyo. Usitegemee majina ya faili peke yake.

Dada mwenye kompyuta ya zamani yenye RAM ya gigabaiti 2: foobar2000 au AIMP zote zitakufaa, na kabla ya kuziingiza nyimbo zote kwa mara ya kwanza, iache kompyuta ifanye kazi hiyo usiku bila kufungua kivinjari. Kinachoelemea kompyuta za namna hiyo mara nyingi ni picha za majalada zenye ukubwa wa megabaiti kadhaa zilizopachikwa ndani ya kila wimbo. Mp3tag inaweza kuzipunguza.

Ndugu wa Linux: Rhythmbox uliyoikuta kwenye Ubuntu inatosha kwa kuanzia. Kwa maktaba kubwa nenda Strawberry, ambayo ilitokana na Clementine. Ukitaka kitu chepesi chenye sura ya zamani, Audacious inakubali sura za Winamp za kale, hivyo wenye majonzi niliowataja juu wana pa kujipoza. Orodha zako za M3U8 zenye njia fupi, zisizoanza na herufi ya diski, zitafunguka huko pia, lakini geuza mikwaju ya nyuma (\) kuwa ya mbele (/), na kumbuka kuwa Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo: folda ya Dansi na ya dansi kwake ni mbili.

Mwenye Mac aliyelalamika kuwa programu ya Music inazikataa FLAC zake: ndivyo ilivyo, haizisomi. Zigeuze kuwa ALAC, mfumo wa Apple usiopoteza kitu ambao waliufanya huria mwaka 2011, na tagi zitasafiri pamoja nazo. Usipotaka kuzigeuza, foobar2000 ina toleo la Mac, ingawa viongezeo vyake si vingi kama vya Windows.

Aliyeuliza kama nyimbo alizozipakua ndani ya Spotify ili kusikiliza bila bando zinaweza kuingizwa kwenye MusicBee: haziwezi. Zimefungwa kwa ufunguo wa huduma, hufunguka ndani ya programu yake tu, na inakulazimu kuingia mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 ili zisifutike. Ukiutaka wimbo kwenye diski yako, ununue mahali panapokupa faili lenyewe, au tafuta CD uinakili.